Boriti za Nyumba ya Tatu

Mwantumu alizipata habari za nyumba ya mke mwenzake akiwa amesimama juu ya rundo la miti, kisigino amekikaza kwenye gogo lisibingirike. Aliyemwambia ni Gregori, dereva wa lori, tena alisema tu bila kujua anachokisema.

"Safari hii bwana anataka zile nene, mama. Nguzo za kuchimbia na boriti za kenchi. Anamjengea mama mdogo kule Korogwe ya zamani, upande wa mtoni. Vyumba vinne na baraza."

"Vyumba vinne," alisema Mwantumu.

"Na baraza. Kibali cha bati ameshakipata."

Mwantumu alishuka taratibu, akamwambia Gregori aende akanywe chai, mzigo ataukuta tayari.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Handeni nzima watu walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kupangwa mistari mistari kando ya barabara, na kila kaya ilihitaji nyumba. Bati na saruji viliuzwa na kampuni ya serikali, na bila kibali mtu alirudi mikono mitupu. Lakini mti ulikuwa porini, na Mhina, mume wa Mwantumu, aliuza mti kwa jumla. Alikuwa na kiwanja chake karibu na stesheni ya Korogwe, akiwauzia vijiji, shule na mashamba ya mkonge. Mzigo wote ulitoka Sindeni kwa Mwantumu. Yeye ndiye aliyepatana na wakataji, na ndiye aliyepatana na Sankale, Mmasai aliyeshusha miti kutoka porini kwa punda zake. Kila boriti aliigonga kwa mgongo wa panga. Iliyolia sauti kavu ilikwenda kwenye lori. Iliyoitika mvumo mzito, kama mtungi wenye ufa, aliitupa nyuma ya choo ikangoje kuwa kuni.

Biashara hiyo waliianza wawili, Mhina akiwa hana kitu zaidi ya mkokoteni. Na mpaka leo Mwantumu alilala chini ya nyasi, mvua ikinyesha anasogeza kitanda. "Mwakani, mama Abdi," Mhina alimwambia kila mwaka. Tatu, huyo mke mdogo, alikuwa hajamaliza hata miaka miwili ndani ya ndoa.

Alikuwa amemwona Tatu mara chache tu, lakini zilimtosha. Alikumbuka nyayo zake laini zisizojua mwiba, na kile kicheko kilichomfanya Mhina aache kula amtazame. Sasa kwenye picha hiyo aliongeza baraza. Alimwona Tatu ameketi hapo, miguu ameinyoosha, mvua inapiga bati juu, hakuna tone linalopita. Na Mhina pembeni yake anamwambia jambo kwa ile sauti ya chini ambayo Mwantumu hakuwa ameisikia tangu mwanawe Abdi aote meno.

Alizunguka nyuma ya choo. Miti iliyokataliwa ilikuwa imelala pale, minene, mizuri ya kutazama. Ukiinama ndipo ungeona vitundu vidogo vya bungua, na unga mweupe umemwagika chini yake. Alikoroga udongo, akaanza kuziba vitundu kwa kidole.

Sankale alimkuta hapo. "Mama, hizi si ulizikataa mwenyewe?"

"Nimezikubali."

"Zina wadudu ndani."

"Sankale, nimekuita unipakilie mzigo au unifundishe kazi?"

Sankale alimtazama kidogo, kisha akainama akashika upande mmoja wa gogo.

Siku hiyo Mwantumu alikula akashiba, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda. Hakutaka Tatu afe, alijiambia. Alitaka tu nyumba ipinde. Alitaka vumbi la mti limwagike kwenye mboga ya Tatu, kenchi ishuke katikati kama mgongo wa punda mzee, na Mhina asimame uani akiitazama aibu hiyo. Kila alipoona wingu zito upande wa Korogwe, moyo wake ulipata nafuu.

Lori liliporudi, aliuliza kana kwamba hana haja na jibu: "Nyumba imefikia wapi?"

"Haijaanza," alisema Gregori. "Wazee wa Magoma walikuja. Kijiji kinajenga chumba cha wazazi kwenye zahanati yao, wanataka mti upesi kabla ya mvua. Bwana hakuwa na mzigo mwingine, akawapa ule."

"Upi?"

"Ule wa mama mdogo."

Kitu cha kwanza alichokihisi Mwantumu kilikuwa hasira. Hata hapa Tatu amepona! Hata ubaya ukitumwa mlangoni kwake unapotea njia!

"Na hawakuzigonga?"

"Wazigonge za nini, mama? Bwana aliwaambia, 'Hizi zimechaguliwa na mke wangu mkubwa wa Sindeni.' Akishasema hivyo hakuna anayegonga. Wanapakia."

"Huwa anasema hivyo?"

"Kwa kila mteja."

Mwantumu alimtaka arudie maneno yale, naye akayarudia. Utamu wake ulimpanda mpaka kooni, halafu hapo hapo ukageuka. Akilini alimwona mwanamke asiyemjua, amelala Magoma na uchungu wake, macho ameyainua kwenye paa lililosimama kwa jina la Mwantumu. Hakupakia chochote siku hiyo. Alichukua panga, akafunga mlango, akapanda mbele pamoja na Gregori.

Mhina hakuwepo Korogwe. Alikuwa amekwenda Tanga kuulizia bati. Tatu alikuwa uani kwenye nyumba ya kupanga, anaosha mchele.

"Shikamoo dada," alisema bila kuinuka. "Umekuja kunitazama nilivyobaki na chumba kimoja?"

"Marahaba. Sikujia hilo."

"Basi ungelijia, ufurahi. Nyumba yangu imepelekwa Magoma. Na ingekuwa ni mti wa nyumba yako, bwana asingethubutu kuugusa." Tatu alimwaga maji ya mchele kwa nguvu. "Kila siku Mwantumu. Mwantumu anajua mti, Mwantumu hadanganyiki. Nikimpikia samaki anasema Mwantumu huweka ndimu. Mimi nimeolewa na wewe au na yeye?"

Kwa muda mfupi Mwantumu alisahau alichojia. Alitamani kumwambia aendelee, amtajie mengine. Kisha akaketi kwenye kibao, panga mapajani.

"Boriti zile zilikuwa mbovu, Tatu."

"Zipi?"

"Zako. Zimeliwa na wadudu. Nilizichagua makusudi."

Tatu aliacha mchele. "Ulitaka iniangukie?"

"Nilitaka ipinde."

"Na mimi nikiwa ndani."

"Na wewe ukiwa ndani."

Sufuria ilimpata Mwantumu begani, mchele na maji vikamwagika kifuani mwake. Hakujifuta. Tatu alisimama mbele yake, anahema, ngumi amezikunja kama mtoto.

"Na wanawake wa Magoma, wao wamekukosea nini?"

"Ndiko ninakokwenda."

"Ninakuja," alisema Tatu, huku anatafuta ufunguo. "Nataka nikusikie ukiyasema hayo mbele za watu."

Walibanana watatu mbele ya lori. Mwantumu alilisikia bega la Tatu likigusa lake kila kwenye kona, laini na la moto, akalichukia hata hapo.

Walikuta nguzo zimekwisha simama, na wanaume wawili wako juu wanafunga fito. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Hiza, alipoambiwa ni nani aliyefika, alimkimbilia kwa mikono miwili.

"Karibu, mama wa Sindeni! Mti wako huu, tazama."

"Shikamoo mzee. Waambie vijana washuke."

Waliposhuka, alikwenda kwenye nguzo ya pembeni, akaigonga kwa panga. Udongo ulibanduka, unga ukamwagika hadi kwenye miguu yake. Akaenda ya pili, nayo vile vile. Wanawake waliokuwa wakichota maji ya kukandia udongo walisogea.

"Hizi ni mbovu," alisema Mwantumu. "Nilijua ni mbovu nilipozipakia."

Mzee Hiza alikunja uso. "Ulijua, na ukatuuzia?"

"Sikuwakusudia ninyi."

"Ulimkusudia nani?"

Mwantumu aligeuka kulitazama lori. Aliyejibu ni Tatu, akiwa amesimama kando ya mlango wa lori.

"Mimi, mzee. Mimi ni mke mdogo."

Wanaume walitazamana. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa aliweka ndoo chini, akamtazama Mwantumu kwa muda mrefu, akageuka akaenda zake. Mwantumu angeona nafuu kama angetukanwa.

Jengo lilibomolewa. Mwantumu alirudi Sindeni, yeye na Sankale wakaingia porini kutafuta mlama mgumu usioliwa na wadudu, na alisimama Magoma mpaka nguzo ya mwisho ilipochimbiwa. Gharama zote zilimwangukia Mhina.

Hakumpiga wala hakumpa talaka. Alikuja Sindeni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Miaka yote hii nimeuza kwa jina lako," alisema.

"Hukuwahi kuniambia."

"Nililisema kila siku!"

"Kwa wateja, baba Abdi. Mimi nilikuwa hapa, nasogeza kitanda."

Mhina alitazama juu kwenye nyasi, kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Kisha akageuka akaondoka. Tangu siku hiyo alichukua mti kwa mtu mwingine, upande wa Handeni mjini, na lori likawa linapita Sindeni bila kusimama.

Mwantumu alianza kuuza mwenyewe pale barabarani, kwa watu wa vijiji vipya. Mwanzoni waliigonga kila boriti mbele ya macho yake, naye aliwaachia wagonge. Habari za Magoma zilikuwa zimefika kila mahali. Baadaye wakapungua wagongaji, na mvua za mwaka uliofuata zilimkuta ana bati lake juu, alilopewa kibali na kijiji kama mkazi yeyote.

Mhina alikuja siku ya mnada, kiwanja cha Mwantumu kimejaa wateja. Kule Handeni mjini mti mzuri ulikuwa umekwisha. Mwantumu alimwona, akaendelea kuwahudumia waliotangulia, na mwanamume yule akangoja juani kama wenzake, kofia mkononi.

"Nataka nguzo na kenchi," alisema zamu yake ilipofika.

"Za nani?"

Mhina aliizungusha kofia. "Za Tatu."

Ule wivu wa kifuani uliamka palepale, mzima, na meno yake yote. Mwantumu aliuacha umng'ate mpaka ulipochoka kidogo.

"Mwambie aje achague mwenyewe," alisema. "Sitakupa wewe. Nitampa yeye."

Kisha akamwita mteja aliyefuata.