Mama Mkwe Anaitazama Kamera

Mpiga picha wa kamera ya tatu alikuwa amezoea waigizaji wakaidi, lakini hakuwahi kumpiga picha mama mkwe wake. Jioni ile mchezo wa nyimbo ulikuwa ukirekodiwa mbele ya watazamaji ili uje uonyeshwe kwenye majumba ya sinema, na mama mkwe ndiye aliyeigiza mwenye nyumba ya wageni, kwa sauti ya kutikisa mapazia.

Wimbo wa kwanza haujafika katikati, mwongozaji akamvamia kwenye hedifoni. "Kamera ya tatu! Huyo mama anatutumbulia macho. Watu wa sinema watadhani anawasuta!"

Kweli, mama alikuwa ameikodolea lenzi, anatabasamu.

Mapumziko yalipofika mwongozaji akasema, "Ni mkweo. Kamwambie wewe."

Mtihani huo! Mama mkwe hakosolewi, huzungukwa. Akabisha hodi chumba cha kuvalia.

"Shikamoo, mama. Umeimba hadi mwili umenisisimka."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sema ulichotumwa."

Akacheka, akasema. Mama akaweka chini poda yake.

"Mimi siimbii giza. Miaka yote hutafuta mtu mmoja ukumbini, nikamwimbia huyo. Leo mmejaza mitambo mbele, sura ninayoiona ni yako tu."

Mpiga picha akaagana naye. Akatoka, akapita hadi safu za nyuma, akamkuta baba mkwe amelala fofofo, kofia usoni. Akamwamsha, akamwongoza mpaka kwenye kiti kando ya kamera yake.

Sehemu ya pili mama akaingia na wimbo wa mapenzi. Macho yakatangatanga, yakamwona mzee, yakatulia. Kwenye kioo cha kamera alionekana kama binti anayechungulia dirishani. Walipofika kwenye kiitikio, mzee naye akaitikia, sauti kama gunia linaloburutwa.

"Nani huyo?" mwongozaji akafoka.

"Baba mkwe," akanong'ona. "Nimnyamazishe?"

Jukwaani mama alikuwa anaimba huku anacheka, na wapiga ala wamepunguza mwendo kumsubiri mzee. Ukumbi ukaanza kupiga makofi.

"Thubutu!" mwongozaji akasema. "Mvute mama karibu. Polepole. Hapo hapo, usiondoke."

Mpiga picha akamvuta karibu kwa lenzi, akijifuta jicho kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.