Mlima Uliobomokea Monduli

Wivu wa mpiga picha Ludovick ulianza rasmi siku mkewe aliposifia picha ya mwanaume mwingine.

Walikuwa wamesimama mbele ya duka jipya la picha la Najim, katikati ya mji wa Arusha, mwaka 2002. Kwenye kioo ilining'inia picha ya Mlima Meru, na juu ya kilele mwezi mkubwa kama sinia.

"Baba Kandida, hebu ona," alisema Fransiska. "Huyu kijana kakuacha mbali."

"Mwezi kaupachika kwa kompyuta."

"Kwani wako hukuupachika?"

Kweli, wake nao Ludovick aliupachika. Ila aliupachika miaka ile filamu zilipokuwa za kibali cha serikali, na vibali vina wenyewe. Tusijifanye tumesahau. Fundi aliyejifunza mwenyewe alipata filamu moja kwa mwezi, tena kwa kumnyenyekea karani wa vibali. Ndipo Ludovick akagundua namna ya kupiga picha mbili juu ya kipande kimoja cha filamu: anapiga mwezi kwa lenzi ndefu, anabonyeza kitufe cha chini ya kamera ili filamu isisogee, kisha anapiga mlima asubuhi, akiwa amesimama kwenye migomba ya Kikwe, kusini mwa mlima. Mara tisa aliharibu. Mara ya kumi ilikaa, na kwa miaka kumi na tano watu wakamuuliza, "Ludo, ulifanyaje?" Hakumwambia mtu.

Sasa hakuna aliyeuliza. Mipaka ilifunguliwa, mashine zikamiminika, na kijana wa miaka ishirini na sita anapachika mwezi huku anakunywa soda.

Wiki iliyofuata Hedwiga, mama aliyeshughulikia kalenda ya kampuni moja ya utalii, alifika studio kwa Ludovick.

"Jalada nataka mlima wako," alisema. "Wa Najim unang'aa tu, vivuli vyake havieleweki. Lakini wachapaji siku hizi hawapokei picha ya karatasi. Wanataka CD. Mpelekee Najim negativu, ile filamu yenyewe, aisome kwenye skana, ndiye anayeipanga kalenda yote."

"Na nyuma mtaandika nani ameitengeneza?"

"Najim, si ndiye mtengenezaji?"

Ludovick alicheka kwa pua. Kampuni hizi zilikuja na magari yao ya kijani, zikauza mlima wetu kwa dola, zikatumia picha zake nne kwenye kalenda za nyuma, na jina lake hazikuliandika hata kwa herufi za sisimizi. Leo jina lingeandikwa, nalo ni la Najim.

Akaipeleka negativu. Aliipeleka kwa mkono wake, imefungwa kwenye karatasi laini kama dawa.

"Shikamoo mzee Ludo! Leo umenikumbuka," Najim alisema, akasogeza kiti.

"Marahaba. Chapa kazi, nina haraka."

Najim aliishika filamu kwa ncha za vidole, akaigeuza mara mbili. Kompyuta aliijua mpaka uvunguni. Filamu hakuwahi kuisafisha hata moja. "Mzee, nisaidie. Upande unaong'aa ukae juu au chini?"

Jibu la kweli ni chini. Kila aliyewahi kuingia chumba cha giza cha kusafishia filamu anajua picha ina uso na ina mgongo, na ukiisoma kwa mgongo, kushoto inakuwa kulia. Ludovick alimtazama yule kijana, kiti chake cha kuzunguka, soda yake.

"Juu," alisema.

"Hizi herufi za pembeni zinatokea kinyumenyume kwenye kompyuta."

"Ndivyo filamu zilivyo. Ungezaliwa mapema ungejua."

Kwa siku tano Ludovick alikula vizuri. Meru, ukiutazama kutoka Kikwe, umebomoka upande wa kulia, mashariki. Kila Mmeru anaujua ubavu ule. Kalenda itundikwe tu, mji mzima umcheke Najim aliyeubomolea mlima upande wa Monduli, magharibi!

Siku ya sita akaitwa dukani. Hedwiga alikuwepo, na jalada lilikuwa limejaa kwenye kioo cha kompyuta. Mlima ulikuwa umegeuka, kama alivyotaka. Chini yake, kwa herufi nene nyeupe: *Picha na Ludovick*.

"Mshukuru huyu," Hedwiga alisema. "Kanigomea. Eti jina lako lisipokaa mbele, kalenda haitoki."

"Mzee, ile picha si ya mchezo," Najim alisema. "Nimeikuza mpaka mwisho kutafuta ulipounganisha mwezi. Nimeshindwa kupaona."

Lile swali la "ulifanyaje" alilodhani limekufa lilikuwa limerudi, tena kwenye mdomo wa Najim huyu huyu. Ludovick aliutazama tena mlima, na jina lake chini yake. Akinyamaza, mji utamcheka yeye.

"Mlima umegeuka," alisema.

Najim aliinamia kioo, kisha akachukua negativu. Akaiinua kwenye mwanga. "Lakini uliniambia upande unaong'aa ukae juu."

"Nilikuambia."

"Ulikosea, mzee?"

"Sikukosea."

Hedwiga aliguna, akachukua mkoba wake. "Mwanaume mzima!" alisema, akatoka nje kusubiri.

Najim hakupaza sauti. Alishika mausi, akabonyeza mara mbili, na mlima mzima ukapinduka kurudi mahali pake, ubavu uliobomoka ukakaa kulia. Hila ya siku tano ilikuwa imekwisha kabla Ludovick hajameza mate. Jina lilibaki pale pale.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa aibu. Alikuwa amevitazama vile vidole vya Najim vikibonyeza, na havikumwonyesha kitu.

"Rudia," alisema. "Sikuona ulipobonyeza."

Najim aligeuka na kiti chake taratibu, akamwangalia kutoka viatuni mpaka usoni.

"Nikuambie upande gani, mzee? Wa kweli, au ule wako?"

Ludovick alivuta kile kiti alichosogezewa siku ile, akakaa mbele ya kompyuta kama mwanafunzi.