AC ya Kibii

Kwa miaka kumi na tisa mume wangu Kibii aliniambia uongo uleule kila Desemba: "Kui, mwaka ujao nakuwekea AC kwenye gari." Nami nilimjibu kila Desemba kwamba huo mwaka ujao wake nimeuchoka kabla haujafika.

Gari lenyewe ni kiStarlet cheupe, kikuukuu, kilichotoka kiwandani na hita peke yake. Kwetu Bahati, karibu na Nakuru, hita inatosha. Asubuhi kuna ukungu, na mtu hutoka nyumbani na sweta, soksi na leso kichwani. Taabu ni kwamba Kibii alizaliwa Marigat, mama yake angali huko, na barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat hushuka na kushuka mpaka kwenye joto lisilo na huruma. Sisi watu wa baridi hatujifunzi. Miaka yote hiyo niliondoka na sweta, na kila mara tukifika Mogotio njiani nilikuwa nikipigana nayo ndani ya gari, mkono mmoja ndani, mmoja nje, Kibii akicheka mpaka machozi.

Halafu hapo Mogotio lazima asimame. Ananunua maji, alisema. Maji ya dakika mbili yalichukua nusu saa, kwa sababu hapakuwa na mtu pale asiyemjua. Mimi nimebaki upande wangu wa kushoto nikiiva, nanyoosha mkono hadi kwenye usukani na kupiga honi. Alirudi polepole, chupa mkononi, akisema, "Kui, honi yako inajulikana mpaka Kabarnet."

Mara ya mwisho aliponiambia twende ilikuwa Februari, mwaka juzi. Nikakataa. "Siendi kuokwa kama mkate," nikamwambia. "Siku ukiweka hiyo AC yako ya mdomoni, niite." Alienda peke yake, akarudi na asali ya mama yake, akaiweka mezani. Mwezi wa nne moyo wake ulisimama akiwa anakamua ng'ombe. Ile asali bado iko kabatini. Siwezi kuila, wala siwezi kuitupa.

Nilijifunza kuendesha gari baada ya mazishi, kwa hasira tu. Ni hasira hiyohiyo iliyonipeleka mwaka huu kwa Muturi, fundi wa AC za magari pale Nakuru. Nilitaka Kibii aone, popote alipo, kwamba jambo lililomshinda miaka kumi na tisa mimi nalimaliza kwa siku mbili. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kilichouma zaidi. Sikujua kama aliwahi kumaanisha hata siku moja, au mimi nilikuwa mtu wa kunyamazishwa kwa maneno matamu.

Muturi alinieleza kazi yenyewe. Kompresa, ile pampu ya gesi ya baridi, inafungwa kando ya injini ili izungushwe na mkanda, kuna kitu kingine mbele ya rejeta inayopoza injini, na kisanduku cha kutoa hewa baridi kinaning'inizwa chini ya dashibodi, maana gari la zamani halina nafasi kwingine. Nikaketi juu ya tairi kuukuu na kikombe cha chai. Sikuwa nimefika nusu aliponiita.

"Mathe, hii kazi nani alikuwa ameanza?"

"Kazi gani?"

"Hii ya AC. Ona, breketi, hii chuma ya kushika kompresa, iko. Mtu alichonga, akafunga. Na huku chini ya dashboard ametoboa mashimo nne za kushika ile box. Kazi safi. Alibakisha tu kuleta vitu zenyewe."

"Itakuwa ni mwenye gari wa kwanza," nikasema.

"Zii, hii si ya kitambo. Na alikuwa anaweka alama na kitu red. Hii ni rangi gani sasa?"

Nikainama. Kando ya kila shimo palikuwa na doa jekundu, dogo, la mtu mwenye subira. Nililijua. Machi ile, wiki chache baada ya mimi kukataa safari, chupa yangu ya rangi nyekundu ya kucha ilipotea. Nilimlaumu binti yetu Abby mpaka akalia, na Kibii akiwa pale pale, akinywa uji, macho kwenye kikombe.

Nikakaa chini kwenye mafuta, na nguo yangu nzuri, nikalia kwa sauti. Muturi alizima redio akangoja. Baadaye akauliza kwa upole, "Lakini mathe, hizi mashimo ziko upande ya abiria. Hewa itapiga kiti ya kushoto, na driver ni wewe. Nisongeshe hapa katikati?"

"Acha palepale," nikamwambia. "Alijua anachofanya."

Jumamosi niliondoka Bahati kwenda kumwona mama mkwe. Na sweta, bila shaka. Kufika Mogotio nilikuwa nimelowa jasho, huku hewa baridi ikipuliza kiti kitupu kando yangu. Nikaegesha pale alipopenda kuegesha, nikaacha injini ikinguruma, nikazunguka na kuketi upande wangu wa kushoto.

Hewa ikanipata magotini, kisha usoni, baridi kabisa, kama asubuhi ya kwetu. Nikafunga vifungo vya sweta. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha maji, wanaume walikuwa wakipiga gumzo na kucheka, migongo yao kwangu. Nikawatazama mmoja mmoja.

"Umeniita, Kibii," nikasema. "Nimekuja."

Usukani ulikuwa karibu na mkono wangu. Nikangoja nusu saa nzima. Safari hii sikupiga honi.