Kamba Mpya ya Dorcas

Jumamosi moja kabla ya msimu wa mashua kufunguliwa, wanachama wa klabu ya mashua ya Ghuba ya Denholm, kusini mwa Tasmania, walitandaza kamba zao za nanga kwenye nyasi mbele ya klabu. Kila mwenye kamba alisimama kando ya kamba yake, soseji ndani ya mkate mkononi, akiitazama kwa heshima. Shughuli hiyo inaitwa ukaguzi. Sehemu yake kubwa ni soseji.

Sheria ya klabu ni nyepesi. Kamba huchakaa upande uliounganishwa na mnyororo wa nanga, kwa sababu upande huo ndio unaosuguliwa na mawe ya chini. Ikichakaa, inageuzwa. Upande mbovu unaingia ndani ya sanduku lililo kwenye omo, mbele kabisa ya mashua, ambako hauonwi na mtu, na upande mzima unafungwa kwenye mnyororo. Ni utaratibu wa busara ukifanywa mara moja. Murray Tibbs, ambaye mji mzima humwita Muzza, alikuwa ameigeuza kamba ya Dorcas, mashua ya familia yao, kila mwaka tangu baba yake afariki.

Dada yake, Raelene, alipiga magoti na kuipitisha kamba kwenye viganja vitupu, kidogo kidogo, hadi mwisho. Kisha akazifumua nyuzi. Unga mweupe ukamwagika kwenye nyasi.

"Muzza, hii imekwisha. Pande zote mbili."

"Haijaisha. Imezoea kazi."

"Njoo uone unga huu. Unatosha kuokea skonzi."

"Igeuze basi, Rae."

"Tumeigeuza mpaka yenyewe haijui kichwa kiko wapi!"

Kelvin Pybus, mwenyekiti wa klabu, aliwakaribia akijifuta mchuzi wa nyanya kidevuni. "Kamba iliyogeuzwa ni kamba mpya, binti yangu," alisema kwa upole. "Ndivyo tulivyo hapa."

Lakini Raelene hakuwa akizungumzia kamba tu. Baba yao aliwaachia Dorcas wote wawili, na kwa mdomo wake mwenyewe alimwambia Raelene aipeleke peke yake, yeye akiwa nahodha, hadi Kisiwa cha Quill, kule mlango wa ghuba unakoishia na bahari kubwa kuanza. Ufunguo wa injini alibaki nao Muzza. Mwaka wa kwanza alisema matanga hayajakaa sawa. Uliofuata, pampu. Sasa, mbele ya watu waliokuwa wakitafuna, alisema, "Ukipata kamba ya kuaminika, nenda. Ufunguo huu hapa."

Alisema hivyo kwa sababu alijua kamba ile haiaminiki.

Raelene akanunua kamba mpya ya nailoni, nene kuliko ilivyohitajika. Alikaa nayo jikoni wiki nzima, akazisuka nyuzi zake kwenye pingili ya mwisho ya mnyororo, akazirudisha ndani ya kamba moja baada ya nyingine, akazikaza kwa meno pale vidole viliposhindwa. Muzza alikuja, akavuta, akaning'inia, na kamba ikashika. Akatoa ufunguo kwa uso wa mtu anayetoa figo.

Siku ya safari ilipokaribia, Raelene alikwenda kuijaribu kamba mbele ya klabu, kama mtu makini afanyavyo. Upepo ulikuwa wa magharibi. Alishusha nanga, akarudi nyuma kwa injini mpaka kamba ikanyooka na nanga ikajichimbia. Kisha akatafuta alama zake nchi kavu. Mlingoti wa bendera wa klabu ulikuwa mbele ya tangi la maji la kilimani, umelifunika katikati. Alama mbili zikiachana, nanga inakokotwa chini, haijashika. Zikibaki zimepangana, kunywa chai yako.

Saa sita upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini. Mashua inayoning'inia kwenye nanga hugeuka na upepo. Dorcas haikugeuka. Mji ndio uligeuka.

Ulikwenda taratibu, na klabu yake, kanisa lake, kiwanja cha kriketi na ng'ombe wa akina Pybus. Mashua nyingine zilizotia nanga ziliufuata kwa adabu. Raelene aliangalia dira, akaangalia alama zake, akampigia kaka yake simu.

"Muzza, klabu iko wapi?"

"Maswali gani haya? Nimo ndani."

"Ilikuwa nyuma yangu. Sasa iko kulia kwangu."

"Umekokota nanga wewe. Nilijua tu!"

"Sijakokota. Mlingoti na tangi bado vimepangana."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Hata mimi sijui. Wewe hapo jua linakupiga wapi?"

"Usoni," alisema Muzza. "Ajabu. Nilikaa kivulini."

Ilionekana kwamba mji wa Denholm haukuwa umefungwa mahali popote hapo awali. Sisi tulidhani tu. Tangu siku hiyo ulining'inia kwenye kamba ya Raelene, na ulikwenda upepo ulikotaka. Barabara ya Hobart ilifika siku nyingine kwenye kiwanja cha kriketi, na wenye magari waliegesha hapo wakamalizia kwa miguu. Watu walizoea kuulizana kaskazini ni wapi leo. Mke wa mchungaji aliingia nyumba isiyo yake, akapika, akaosha vyombo, ndipo akakumbuka kwamba ana mume mwingine.

Asubuhi ya safari Raelene alianza kuvuta kamba. Mji wote ukasogea kuelekea bahari kuu. Kengele ya kanisa ililia yenyewe, na watu walitoka na nguo za kulalia wakimpungia mikono. Akaishusha tena.

Kamati ilikaa. Raelene alihudhuria kwa simu ya Muzza, iliyowekwa mezani kando ya bakuli la chipsi.

"Mniazime kamba zenu," alisema. "Mashua zote zishike mji siku mbili. Niende Quill, nirudi."

Kelvin aliona ni ombi la haki. Mashua za klabu zilitoka, zikashusha nanga kuizunguka Dorcas, na Raelene akalegeza kamba yake kidogo ili uzito uwahamie wenzake. Kamba zao zilikatika moja baada ya moja, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayevunja biskuti. Wanachama walizivuta zilizobaki, wakashauriana, wakazigeuza, wakajaribu tena.

Raelene akaikaza kamba yake.

"Nunueni mpya basi!" alisema simuni.

"Hizi ni mpya, binti yangu," alijibu Kelvin. "Si umetuona tukizigeuza?"

Kamati iliamua kwamba Dorcas isiondoke. Ilimshukuru Muzza kwa kuupatia mji kamba ya kuaminika, ikampa kibao cha shaba. Muzza alitoa hotuba fupi kuhusu wajibu.

"Na mimi je?" ilisema simu kutoka kando ya chipsi.

"Rae, jamani, huku kuna shule," alisema Muzza. "Kuna watoto. Hebu kuwa mtu mzima."

Raelene bado yuko kwenye Dorcas. Muzza humletea maziwa na magazeti kwa boti ndogo, na humkumbusha asichemshe birika mara kwa mara, maana gesi ya mashua ni ya wote wawili. Upepo ukivuma kutoka magharibi, mji hukaa nyuma yake, na Kisiwa cha Quill husimama mbele ya omo, karibu, bila kitu katikati. Siku kama hizo huwasha injini. Huku mjini watu hushika vikombe vyao na kungoja. Kisha huizima, nasi tunaendelea na chai.