Spika ya Kando ya Kaburi

Tangu utotoni Wesley ndiye aliyekuwa mdomo wa Caleb. Mdogo akishikwa na kigugumizi, kaka humalizia, na sauti zao zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Hata mama yao, Eucabeth, hakuzoea kumsubiri Caleb afike mwisho wa sentensi. Basi mgodi wa Osiri ulipomfukia Wesley na mwili ukaletwa nyumbani, nje ya Oyugis, Caleb aliapa kumuaga kwa kinywa chake mwenyewe. Mama amsikie, walau mara moja.

Siku ya mazishi spika moja ilikuwa mezani pa mchungaji, nyingine mbali, kando ya kaburi. Hiyo ya mbali ilichelewa. Kila neno la mchungaji lilimrudia kwa nyuma, akababaika. "Wa-wapendwa…"

"Ameambukizwa na Caleb," mtu akanong'ona, na turubai zima likacheka.

"Pole, Mchungaji, natengeneza hiyo eko, huo mwangwi," akasema Monari, mwenye mitambo.

Caleb alishachukua maikrofoni. Binamu yake Lynnet, anayefunza watoto matamshi Homa Bay, aliwahi kumwambia: ubongo huliwaza neno kabla halijatoka, kisha hutega sikio kulipima. "Wako hupima mno. Unajikamata kabla hujakosea."

"Kaka yangu Wesley," akasema. Jina likatoka zima. Kaburini sauti ikafuata: kaka yangu Wesley. Sikio lililozoea kumvizia likaenda kuisikiliza ile sauti ya mbali, naye akasema bila kukwama: jinsi alivyobebwa mgongoni mtoni, jinsi walivyogawana kiazi cha moto, ganda kwa ganda. Kicheko kikafa.

Eucabeth akasimama, macho kaburini. "Huyo ni Wesley. Nilijua hawezi kwenda bila kuniaga."

Monari, kwa hofu, akazima spika ya mbali.

"Ma-ma-mama, ni m-m-m…"

"Nyamaza, nyathina, mtoto wangu. Mwache kaka yako amalize."

"Mama, huyo ni Caleb," akasema Lynnet.

"Caleb haongei hivyo."

Caleb akajaribu jina lake. Likakwama kwenye koo. Akamwashiria Monari awashe tena. Sasa angeweza kulisema, na mama angelisikia lote. Akamtazama: uso wake umeelekea kwenye udongo mbichi, mikono imeshika leso, anangoja.

"Kwaheri, mama," akasema. "Sikuumia. Nimefika salama."

Kaburi likasema vivyo hivyo, nyuma kidogo.

"Asante, Wesley," mama akajibu, akaketi. "Sasa mzikeni."