Sarafu ya Paragwai

Mwaka mitumba ilipoanza kumwagwa Kibiti, wenzangu walipata waume wenye makoti. Mimi nilipata mume anayepekua mifuko. Kila gulio Mwinyimvua alikuwa wa kwanza kwenye turubai la Swalehe muuza mitumba, vidole ndani ya suruali za watu asiowajua, anatafuta sarafu kuukuu za Amerika ya Kusini. Si dhahabu, si fedha. Nikeli na shaba tu, ambazo hata muuza karanga angezikataa.

Alikuwa nazo za nchi kumi na moja ndani ya kopo la maziwa. Ilibaki Paragwai. Mshamu wa Utete, mkusanyaji mwenzake, alimtambia kila walipoonana kwamba hiyo hataipata mpaka anakufa.

Akaipata, ndani ya bitana ya koti la kike. Alirudi nyumbani mbio, mtu mzima na mvi zake, na siku ileile akatuma salamu Utete: Jumapili njoo uone kwa macho yako.

Kosa ni langu. Mjukuu wetu Tasnim, wa siku kumi na mbili, kitovu kilimtokeza, na kwetu kitovu hulazwa kwa sarafu, kikafungwa kitambaa. Shilingi tano ina pembe, ingemchoma. Nikaenda kwenye kopo, nikachagua iliyolika vizuri kuliko zote. Sikuuliza ni ya wapi.

Jumapili Mshamu akafika, kanzu imenyooshwa kwa pasi. Mwinyimvua akafungua kopo, akapekua, akageuka kunitazama. Nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Tasnim alikuwa amelia siku mbili, ndiyo kwanza amelala mapajani mwa mama yake, binti yetu Maimuna. Maimuna akamkazia babake macho.

"Iko wapi basi, bwana?" Mshamu akauliza.

Mume wangu akafunika kopo.

"Sina," akasema taratibu. "Nilikudanganya."

Mshamu alicheka mpaka akashika ukuta. "Utete nzima italisikia hili! Mwinyimvua muongo!"

Damu ikanichemka. Mimi niliyeziita takataka miaka yote ile, siku hiyo nilimwonea uchungu yule mzee mpaka nikashindwa kukaa. Nikasimama, nikapiga kelele:

"Anayo! Wallahi anayo! Nimeifunga mimi kwenye kitovu cha mtoto!"

Tasnim akashtuka, akaangua kilio.

"Mama Maimuna," akasema Mwinyimvua kwa unyonge, "si nimeshakubali kuwa muongo?"