Kamera kwenye Usawa wa Macho

Mwaka 2001 nilikuwa na kompyuta mbili dukani kwangu pale Chumbageni, Tanga, na wanaume wawili ambao sikuwaagiza. Kompyuta zilikuwa za kufundishia wasichana kupiga chapa. Wanaume walikuwa Khatib na Manase. Khatib, Mdigo wa Moa, alikuwa mchoraji wa michoro ya mitambo kiwandani mpaka kiwanda kikauzwa na yeye akapunguzwa. Manase, Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa Tanga kukata mkonge, alikuwa askari, kisha mlinzi wa kiwanda hicho hicho, akapunguzwa wiki moja na mwenzake. Wanafunzi wangu walitoka saa tisa. Saa tisa na dakika tano hao wawili walikuwa mlangoni, na siyo kuja kupiga chapa. Walikuja kupigana vita.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na mchezo wa vita wa ramani bapa, imegawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na vikosi ni vibao vyenye namba. Unatazama kutoka juu, basi, hakuna njia nyingine. Ile ya pili, mtumba nilioununua Dar es Salaam, ilikuja na mchezo wa pande tatu. Humo vilima vina mwinuko, miti ina vivuli, na kamera unaipeleka utakako kwa kipanya. Ukitaka unapaa mpaka vifaru viwe punje za mchele. Ukitaka unashuka mpaka nyasi zijae kioo kizima.

Walibishana juu ya michezo hiyo mpaka chai inapoa.

"Hiyo ni poda na wanja," Khatib alisema. "Miti yenyewe mifagio, askari hana hata pua. Vita ni ramani, bwana. Nionyeshe nani yuko wapi, nikae kitako nifikiri."

"Ramani yako imekilaza kila kitu chali," Manase akamjibu. "Kilima hakina mgongo. Nani amepigana vita akiwa angani?"

Basi hata kwenye mchezo wa pande tatu, Khatib alipandisha kamera mbinguni akaiacha huko, na alishinda. Manase aliishusha ikafika usawa wa macho ya mtu, akatembea nayo hatua kwa hatua, akauawa. Kila siku hivyo hivyo. "Mnyamwezi kapewa mabawa," Khatib alikuwa akiniambia, "yeye anakwenda kwa miguu."

Aliruhusiwa kusema hivyo, maana ni watani. Wanyamwezi na watu wa pwani wanataniana tangu enzi za misafara, na hawa wawili hawakuacha hata chembe. Siku alipozikwa mama yake Manase, Khatib alishuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Alipewa. Mimi wa Pemba niliona ni wendawazimu, lakini Manase alicheka siku ile, na nadhani ndiyo mara pekee aliyocheka wiki nzima.

Sasa, Manase alikuwa na kisa kimoja cha vita vya Kagera. Alikuwa koplo, anaongoza watu wanane kuvuka bonde. Upande wa kushoto kulikuwa na kilima, na juu ya kilima bunduki ya rashasha. Hakukiona. Rafiki yake Luka, aliyekuwa mbele, alikufa pale kwenye kijito. Manase alikisimulia kisa hiki kwa hatua: hatua mia mbili za bonde, hatua arobaini mpaka kijitoni. Tulikisikia mara nyingi, na kila mara aliishia pale pale: "Ningegeuza kichwa tu."

Siku moja Khatib, kwenye kompyuta ya zamani, akakipanga kisa hicho kwa vibao. "Huyu Manase. Huyu Luka. Na kilima hiki hapa, vyumba vitatu tu. Mnyamwezi, kipofu angekiona. Luka hakuuawa na adui, umemuua wewe kwa uvivu wa kugeuza shingo."

Manase alicheka, kwa sababu maneno ya mtani hayakasirikiwi. Akamaliza chai yake, akaaga vizuri, akaondoka. Siku tisa hakurudi.

Khatib alikuja peke yake kila siku, akakaa mbele ya ramani yake bila kugusa kitu. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. "Nenda kamwombe radhi," nikamwambia. "Ulimi wako huo utakuozea mdomoni."

"Mtani haombi radhi, Bi Thuwaiba. Nikimwomba radhi, nimemwambia kwamba siku ile sikuwa natania."

Nikamsogezea chai, nikaendelea na kazi zangu.

Kesho yake alihamia kwenye kompyuta ya pili, ile aliyoidharau, akaniomba nimfungulie mahali pa kutengenezea viwanja vya vita. Akavaa miwani. Akatoa mfukoni rula yake ya chuma ya kiwandani, akaanza kupima kioo: bonde hatua mia mbili, kijito, mgongo wa ardhi, kilima kushoto. Hakumuuliza mtu chochote. Hatua zote za Manase alikuwa nazo kichwani, na mimi nilidhani miaka yote hiyo alikuwa hasikilizi. Nilimpenda siku hizo, ingawa nilimgombeza kwa kunichafulia kioo.

Siku ya sita ya kumwangalia nikamwambia, "Umemaliza. Sasa shusha kamera."

Akaishusha. Nyasi zikajaa kioo. Akatembeza askari wake wanane, mlio ukatoka kushoto, wa mbele akaanguka. Akaanza upya. Akaanguka tena. Nilihesabu mara kumi na moja, na baada ya hapo Khatib akavua miwani akasema, "Kamwite."

Nilimkuta Manase nyumbani kwake, anapiga plasta ukuta usiohitaji plasta. Nikamdanganya kwamba kompyuta imekwama na Khatib yuko Moa. Alipoingia akamwona, alitaka kugeuka. Nikasimama mlangoni, na mlango wangu si mpana.

Khatib hakumsalimu. "Mnyamwezi, mimi nimemuua mara kumi na moja. Wewe mara moja. Sema nani mvivu wa kugeuza shingo."

Manase akasogea, akatazama kioo muda mrefu. Mkono wake ukashika mgongo wa kiti.

"Nyasi zako ndefu," akasema.

"Nyasi ni nyasi."

"Hizi zimefika kifuani. Zetu zilifika magotini. Nilikwambia."

Ndipo nikaelewa. Mtu huyu aliyepima bonde zima kwa rula alikuwa amedanganya kwenye nyasi tu. Aliogopa kwamba zikiwa fupi kilima kitaonekana, akamfunika Manase kwa nyasi.

"Zipunguze."

"Haina haja."

"Zipunguze, Khatib."

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. Khatib akazipunguza, akampisha kiti. Niliomba umeme ukatike, na kwa kawaida hauhitaji kuombwa. Siku ile uliwaka.

Manase akashusha kamera mpaka usawa wa macho yake, akaanza kutembea. Kila hatua chache alisimama, akageuza kamera kushoto taratibu, mpaka mwisho wa shingo ya mtu. Nyasi magotini. Mgongo wa ardhi. Juu yake mbingu. Akatembea tena, akageuza tena. Mgongo wa ardhi, mbingu. Hakukuwa na kilima, mgongo ulikuwa umekificha. Kilijitokeza pale kijitoni, kichwa chake tu, na mlio ukatoka wakati huo huo.

Najua mchoro wa kumbukumbu hauwezi kupelekwa mahakamani kuwa ushahidi.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Manase akaipandisha kamera mbinguni. Kutoka huko kilima kilionekana wazi, kikubwa, karibu kabisa na yule aliyelala kijitoni.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "nimekuwa nikijitazama kutoka huku."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mtani wake alikuwa na ruhusa yote ya kumcheka, na nilikuwa tayari kumpiga kwa kibodi akifungua mdomo vibaya.

"Luka nilimtanguliza," Manase akasema, "kwa sababu macho yake yalikuwa makali kuliko yangu. Na yeye hakukiona."

Khatib akavuta kiti, akakaa ubavuni kwake. "Shuka basi, Mnyamwezi," akasema.

Manase akaishusha kamera polepole mpaka kwenye nyasi, pembeni ya Luka, na wakaiacha hapo mpaka nilipofunga duka.